Sukari ya Likizo na Utukutu Tuliousingizia

Desemba iliyopita, siku ya tatu ya likizo nyumbani kwa mama yangu mzazi huko Tanga, nilimketisha mwanangu wa miaka sita kwenye kigoda barazani na kumkataza kuinuka mpaka sukari imshuke. Ndivyo nilivyomwambia, kwa maneno hayo hayo, nami sikuona ajabu yoyote ndani yake. Tangu asubuhi alikuwa amekimbizana na binamu zake, amemwaga ndoo ya maji uani, amepanda mpera mara mbili baada ya kukatazwa, na nilipomwona anakata kona ya nyumba mbio huku ameshika chupa tupu ya soda ya chungwa, nikajiona nimekwisha kupata jibu la yote. Alikaa pale akilia kimya kimya, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakicheza kombolela bila yeye. Robo saa ilipopita, mama yangu akatoka jikoni akijifuta mikono kwa upindo wa kanga, akauliza mtoto amekosa nini. Nikamweleza. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, chupa ile nimemjazia mimi maji ya mtungini. Soda aitoe wapi, na dukani hajaenda mtu tangu jana?"

Nilimwinua mwanangu, nikamfuta machozi, nikamwomba radhi mbele ya bibi yake, naye akakimbilia mchezoni kabla sijamaliza kusema. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya ile robo saa ya kigodani. Nimekuwa mama kwa miaka tisa sasa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini, kama wanavyoamini wazazi wengi wa rika langu mijini, kwamba mtoto akila vitu vitamu hupandwa na nguvu asizoweza kuzituliza. Niliamini hivyo bila kuuliza ni nani aliyepima, wala alipima vipi. Baada ya siku ile nikaanza kusoma, na niliyoyasoma yamebadilisha namna ninavyowatazama wanangu wakiwa likizo kuliko yalivyobadilisha namna ninavyowalisha.

Imani yenyewe sikuirithi kwa wazee. Nilipokuwa mdogo, sukari ilishtakiwa kwa kosa jingine kabisa. Tukipewa sarafu tukanunua gubiti, kashata au ubuyu, bibi yangu alituonya kwamba vitamu vingi huleta minyoo, na mtoto aliyesaga meno usingizini alihesabiwa kuwa amejitolea ushahidi mwenyewe. Sasa inafahamika kwamba minyoo haizaliwi na sukari: mayai yake humfikia mtoto kutoka kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi, kwa mikono michafu au chakula kisichooshwa vizuri, na safura hupenya katika ngozi ya nyayo za anayetembea peku. Hata hivyo onyo la bibi halikuwa la bure, kwa sababu mtoto anayelamba gubiti huku akicheza mchangani hupeleka mkono mdomoni kila baada ya dakika chache. Alichokiona kwa macho yake kilikuwapo. Alichokosea ni sababu. Nimejifunza kuiheshimu tofauti hiyo, kwa maana nasi tumeona jambo la kweli, yaani watoto wasiotulia siku za sikukuu na likizo, tukalipa sababu isiyo yake.

Kwangu mimi imani hii mpya iliingia kwa karatasi kutoka chekechea, iliyotuomba wazazi tusiwafungashie watoto biskuti wala juisi za boksi kwa kuwa sukari huwatia utukutu darasani. Ombi lilikuwa jema, nami nililitii. Lakini kilichonibaki kichwani ni ile sababu, na tangu hapo kila nilipomwona mtoto wangu anarukaruka nilirudi nyuma kutafuta kitamu alichokula. Katika siku za likizo sikuwahi kukikosa. Bibi wa Tanga asiyewapa wajukuu kitu kitamu simjui: kuna kaimati za jioni, kuna visheti vilivyofichwa kwenye kopo la maziwa, kuna miwa, na kuna chai ya maziwa yenye iliki ambayo kijiko hukaribia kusimama ndani yake. Ukiitafuta sukari katika nyumba kama hiyo utaipata saa yoyote, na kwa hiyo kila utundu utaonekana umetanguliwa na sukari.

Huko Marekani mjadala huu ulipopata nguvu katika miaka ya 1970, sukari haikuwa hata mshtakiwa wa kwanza. Daktari wa mzio wa California, Benjamin Feingold, alieneza mlo wa kuwatuliza watoto watukutu kwa kuwaondolea rangi na ladha za viwandani pamoja na salisileti, kemikali ambazo zimo hata katika baadhi ya matunda. Lakini vyakula vya watoto vyenye rangi kali, karibu vyote, ni vitamu, na mzazi anayetafuta mkosaji hawezi kutenganisha wekundu wa pipi na utamu wake. Watafiti ndio waliolazimika kuvitenganisha.

Jaribio lililonishughulisha zaidi lilichapishwa mwaka 1994 katika jarida la New England Journal of Medicine na Mark Wolraich pamoja na wenzake. Walichukua watoto 25 wa kawaida wa miaka 3 hadi 5, na wengine 23 wa miaka 6 hadi 10 ambao wazazi wao walisema waziwazi kwamba sukari huwabadilisha tabia. Kwa wiki tisa familia hizo zilipewa chakula na watafiti: wiki tatu mlo wenye sukari nyingi, wiki tatu mlo uliotiwa utamu wa aspatemu, na wiki tatu mlo uliotiwa utamu wa sakarini (vyote viwili ni vitia utamu vya viwandani visivyo sukari), bila watoto, wazazi wala wapimaji kujua zamu ilikuwa ya mlo upi. Kwa wale watoto 23 waliodaiwa kudhuriwa na sukari, yalipimwa mambo 39 ya tabia na uwezo wa akili, na katika yote 39 hapakuonekana tofauti ya maana kati ya mlo mmoja na mwingine. Mwaka 1995 Wolraich na wenzake wawili wakajumlisha majaribio 23 yaliyofanywa kwa siri ya namna hiyo, baadhi yakiwa ya watoto wenye tatizo la kitabibu la kushindwa kutulia na kuzingatia, na jumla ikatoa jibu lile lile. Walikiri kwamba athari ndogo, au athari kwa kikundi fulani kidogo cha watoto, haiwezi kufutwa kabisa, na kukiri huko kumenifanya niwaamini zaidi.

Hata hivyo utafiti ulioniumiza, na ninatumia neno hilo kwa kukusudia, ni mwingine wa mwaka huo huo wa 1994, uliofanywa na Daniel Hoover na Richard Milich. Hao waliwaita akina mama ambao walieleza kwamba wavulana wao wa miaka 5 hadi 7 huathiriwa na sukari. Mama mmoja aliambiwa kwamba mwanawe amekunywa kinywaji chenye sukari nyingi, mwingine akaambiwa kwamba wake amekunywa kisicho na sukari. Ukweli ni kwamba watoto wote walikunywa kinywaji kile kile kilichotiwa utamu wa aspatemu, kisicho na chembe ya sukari. Kisha mama na mtoto wakaachwa wacheze pamoja huku wakirekodiwa. Akina mama walioamini kwamba watoto wao wamekunywa sukari waliwahukumu kuwa watukutu zaidi, jambo ambalo pengine mtu angelitarajia. Lakini picha zilionyesha jambo la pili: akina mama hao walikaa karibu zaidi na watoto wao, na kwa jumla walielekea kuwakosoa zaidi, kuwakodolea macho zaidi na kuwasemesha zaidi. Sukari haikuwamo katika kikombe cha mtoto yeyote, na bado ilibadilisha tabia ya watu waliokuwa chumbani, nao ni wale akina mama.

Niliposoma hayo niliiweka simu chini nikakaa. Mwanangu ana miaka sita, chupa yake ilikuwa na maji ya mtungini, na mama yake alikuwa ameamini ni soda. Nikaanza kuzihesabu siku zile tatu upya. Nikakumbuka ni mara ngapi nililiita jina lake kwa sauti ya kuonya kabla hajafanya lolote; namna nilivyomfuata kutoka uani mpaka barazani, macho yangu mgongoni kwake; namna nilivyomnyang'anya kisheti cha pili mbele ya binamu zake, akainamisha uso, halafu dakika tano baadaye akampiga mmoja wao ngumi, nami nikasema kimoyomoyo kwamba kile kisheti cha kwanza kimeanza kufanya kazi. Nikakumbuka pia kwamba dada yake, kifungua mimba wangu, alikuwa amepanda mpera ule ule siku ile ile, akala visheti vile vile, na mimi nikamsifu kwa mama kwamba ni hodari. Kwa kuwa yeye hakuwa na jina la utukutu, mbio zake zilihesabiwa kuwa uchangamfu. Ninaamini mtoto huisikia tofauti hiyo hata pale inapokuwa haijatamkwa.

Kama si sukari, basi ni nini? Kwa maoni yangu jibu liko katika likizo yenyewe, na ukiitazama kwa makini huhitaji maabara. Watoto wangu waliamshwa saa tisa usiku ili tuwahi basi Mbezi. Safari ya kilomita zipatazo 350 waliimaliza wakiwa wamekaa kitako, isipokuwa pale basi liliposimama abiria wakachimbe dawa, na pale Chalinze ambapo wachuuzi waliinua soda, biskuti, mayai na korosho mpaka usawa wa madirisha. Walishuka Tanga wakiwa na miguu iliyonyimwa kazi siku nzima, wakaingia katika nyumba yenye uwa mpana, mpera, kuku wa kukimbiza na binamu wanane ambao hawajaonana nao tangu mwaka uliotangulia. Dar es Salaam wao hukaa katika nyumba ya vyumba viwili iliyo karibu na barabara, ambako mpira huchezwa kwa masharti. Mtoto wa namna hiyo akikimbia kutwa, mimi sasa ninaona kwamba anafanya kile alichokuja kukifanya.

Halafu kuna usingizi, ambao sisi wazazi huusahau kwa sababu nasi tuko likizo. Nyumbani wanangu hulala saa mbili na nusu usiku. Kwa bibi yao walilala sita sita juu ya mkeka mmoja, wakisimuliana hadithi za majini mpaka saa tano, na jogoo akawaamsha kabla ya jua. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia na kuzubaa. Mtoto mdogo mara nyingi huonyesha uchovu wake kwa njia nyingine, akawa mwepesi wa kulia, mwepesi wa kugombana na mzito wa kusikia anaposemeshwa. Ifikapo siku ya tatu ya kulala hivyo, tabia anayokuwa nayo ndiyo hiyo tunayoiita sukari kumpanda.

Wapo watakaosema kwamba sukari ni nguvu, na nguvu lazima itokee mahali. Ni kweli kwamba sukari hugeuka glukosi katika damu, lakini wanga wa ugali na wali nao, ukishameng'enywa, hugeuka glukosi ile ile, na sahani ya wali mweupe huipandisha kwa kasi. Sijawahi kumsikia mzazi wa Pwani akimkataza mtoto wali kwa kuhofia kwamba atapanda ukutani. Kinyume chake, tunategemea kwamba akishiba wali wa nazi atasinzia.

Kuhusu rangi, hapo ninakuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa Feingold hakukosa kila kitu. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9, wakiwapa vinywaji vyenye michanganyiko ya rangi za viwandani pamoja na sodiamu benzoeti, ambayo ni kihifadhi. Wastani wa utukutu ulipanda kidogo, huku watoto wakitofautiana sana, wengine wakiguswa na wengine wasiguswe. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye yoyote kati ya rangi sita zilizotajwa, tatrazini ikiwa mojawapo, viandikwe onyo kwamba huenda vikaathiri uchangamfu na umakini wa watoto. Ubuyu wetu mwekundu unaochuuzwa katika vifuko vya nailoni hauna lebo ya kusomwa, na kwa hiyo wanangu huupata kwa nadra. Wapo wauzaji wanaoutengeneza bila rangi, mweupe wa sukari na iliki, na huo ndio ninaoununua. Kola nayo ina kafeini, kama ilivyo chai ya rangi iliyokolea, na mtoto akinywa jioni asilale, hapo kuna sababu inayoeleweka.

Ninachokisikitikia zaidi katika imani hii ni kwamba imetufanya tuitazame miguu ya watoto, wakati sukari inafanya kazi yake mdomoni. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka minane aliposhindwa kutafuna upande wa kushoto. Daktari wa meno alimpanua mdomo, akanishikisha kioo kidogo cha mpini mrefu na kuniambia nitazame mwenyewe: katikati ya gego la nyuma palikuwa na shimo jeusi, na kingo zake zilikuwa za kahawia kama chai iliyomwagika ikakauka. Nilimwambia daktari kwamba ni la utoto, litang'oka. Akanisahihisha kwa upole kwamba lile ni gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto na bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawajui hata kwamba limeota. Mwanangu hatapata jingine.

Alinieleza jambo ambalo wahenga walikwisha kulisema kwa njia yao, kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, asidi huyeyusha madini ya jino, kisha mate huchukua muda kuituliza hali na kurudisha sehemu ya kilichopotea. Mtoto akila kashata mbili mara moja baada ya chakula, jino hushambuliwa mara moja kisha hupumzika. Akilamba pipi kijiti, akaisitisha, akairudia, akanywa soda funda moja moja kutwa nzima, mate hayapati nafasi. Likizo ndiyo majira ya kulamba kutwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtoto wa umri wa mwanangu, sehemu hiyo moja ya kumi ni kama vijiko tisa vya chai, na chupa moja ya soda ya mililita 300 huchukua takriban vinane. Ninayo sababu ya kumnyima soda, basi, na sababu hiyo ninaweza kumweleza bila kumwambia kwamba yeye ni mtoto mbaya akinywa.

Juni mwaka huu tulirudi Tanga. Nilimwomba mama kitu kimoja tu, kwamba vitamu vya wajukuu viwe na saa yake, naye alikubali bila mabishano, isipokuwa alisisitiza kwamba wanawe mikono kwanza, kwa ajili ya minyoo, nami nikamuunga mkono kwa moyo wote. Jumamosi akatengeneza kashata za nazi. Aliyeyusha sukari kwa maji kidogo mpaka ikaanza kuvuta uzi, akatia nazi iliyokunwa na iliki iliyotwangwa papo hapo, akasonga kwa mwiko mpaka mchanganyiko ukaacha kushika sufuria. Akaumimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko, kisha kabla haujapoa akaukata kwa kisu mshazari, kulia na kushoto, zikatoka pembe za almasi. Watoto tisa walisimama kimya kumzunguka. Sijapata kuwaona wametulia hivyo siku nyingine yoyote ya likizo ile.

Baada ya chakula cha mchana kila mmoja alipewa mbili. Mwanangu alikula yake ya kwanza haraka, ya pili akaila kwa kuimega kidogo kidogo, akaramba vidole, akaenda kusukutua mdomo bombani kama nilivyomfundisha. Aliporudi alisimama mbele yangu, akakitazama kile kigoda kilichokuwa pembeni mwa mlango, akauliza, "Mama, sasa nikae?"

Nikamwambia hapana, wenzako wanakungoja. Alinitazama kidogo kuhakikisha, kisha akatoka mbio kuelekea kwenye mpera, na safari hii sikuliita jina lake.